Kambi za kulala za Marekani na mabinti zetu: ujasiri naukubali, uongozi tuongee kwanza

Kila mwaka ikianza Januari, Februari hivi, kwenye magrupu ya WhatsApp ya wazazi wa Afrika Mashariki tulioko Marekani linaibuka swali lile lile. Binti katoka shule na kipeperushi cha kambi ya kiangazi, tena sio ile ya kutwa unampeleka asubuhi unamfuata jioni, hapana, ile ya kwenda kulala huko huko, wiki moja, mbili, wengine mwezi na zaidi, porini kando ya ziwa, na yeye analilia kwenda maana marafiki zake wote wa darasani wanaenda. Basi grupu linachafuka. Huyu anasema dada mpeleke tu, akirudi humjui, atakuwa amechangamka, anajiamini, anaongoza wenzake, mwingine anashusha voisi ya dakika nne kwamba mtoto wa kike hawezi kwenda kulala kwa watu asiowajua akiangaliwa na visichana vya miaka 19, halafu ulipie na hela juu.

Mimi hizi kambi nazikubali, niseme mapema msije mkasema najificha nyuma ya uchambuzi, ila nazikubali kwa sababu tofauti na zile zinazoandikwa kwenye vipeperushi. Vipeperushi vinaweka ujasiri na uongozi kwenye sentensi moja kama vile ni pacha, mtoto anaingia Jumapili ana aibu anatoka Ijumaa kawa kiongozi. Kiukweli ujasiri unaweza kuanza kuonekana ndani ya wiki, hilo sibishi, lakini uongozi hauji hivyo. Wanaoupata ni wale wanaorudi kambi ile ile mwaka baada ya mwaka, na wanaorudi mwaka baada ya mwaka ni watoto wa wenye hela. Hapo ndipo ugomvi wangu na hizi kambi ulipo.

Historia kidogo, maana wengi wetu tunadhani ni mambo ya kwenye TV tu. Kambi za watoto Marekani zilianza na wavulana, mwalimu mmoja wa Connecticut anaitwa Frederick Gunn alitoka na wanafunzi wake kwenda kupiga kambi mwaka 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe ndo kwanza vimeanza na vijana wanatamani kuishi kama askari. Baadaye ikaingia hofu ya watu wa mjini kwamba watoto wa kiume wanalegea, hawalimi wala hawachungi, wapelekwe msituni wakakomae. Wasichana hawakuwemo kwenye hiyo hofu. Za kwao zilishika kasi mwanzoni mwa miaka ya 1900, kina Luther na Charlotte Gulick kule Ziwa Sebago jimbo la Maine, ambao walishiriki kuanzisha chama cha wasichana cha Camp Fire Girls mwaka 1910, na Machi 1912 Juliette Gordon Low akakusanya wasichana 18 mjini Savannah, Georgia, na hao ndo wakaja kuwa Girl Scouts, yani skauti wa kike wa Marekani. Kumbuka wakati huo wanawake wa Marekani walikuwa bado hawajapata kura nchi nzima, hiyo imekuja 1920. Msichana kupiga kasia, kuwasha moto mwenyewe, kulala nje, kuvaa nguo za kukimbilia, kulikuwa na wazee wanaona ni kuharibikiwa kabisa. Na kwetu sio kitu kigeni sana kama tunavyojifanya, Girl Guides, ndo wenzao wa Girl Scouts, wako Kenya tangu 1920 na Tanganyika tangu 1928, bibi zetu wengine waliimba kuzunguka moto wa kambi wakiwa na tai shingoni.

Kwa hiyo hoja kwamba kambi inamjenga msichana haijatungwa na watu wa matangazo wa leo, ina zaidi ya miaka mia. Ila hoja kuwa ya zamani haimaanishi imethibitishwa.

Utafiti unaotajwa sana ni wa American Camp Association, yani chama cha kambi zenyewe, uliotoka 2005, ukahusisha familia zaidi ya 5,000 kwenye kambi 80 kati ya 2001 na 2004. Asilimia 92 ya watoto walisema kambi iliwasaidia kujiona wako vizuri, asilimia 70 ya wazazi wakasema mtoto amerudi anajiamini zaidi. Namba tamu. Sasa angalia zilivyopatikana: chama cha kambi kinawauliza watu walioshalipia kambi kama kambi imefaa. Mzazi katoa mamia au maelfu ya dola zake, unategemea aseme mtoto karudi vile vile? Alafu hakukuwa na kundi la watoto waliobaki nyumbani wakapimwa sambamba, na mtoto wa miaka 10 anakua tu, hata akikaa likizo nzima kwa shangazi yake Dallas anacheza na binamu zake atarudi na kitu kipya. Sisemi wanadanganya, nasema ile asilimia 70 usiibebe kama vile imepimwa maabara.

Kuna mwingine mdogo ambao mimi naupenda zaidi japo haukuwa wa wasichana peke yao. Watafiti wa UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles, ulichapishwa 2014, walichukua watoto 51 wa darasa la sita waliokaa kambini siku tano bila simu, bila TV, bila skrini yoyote, wakawalinganisha na wenzao 54 wa shule hiyo hiyo waliokuwa bado hawajaenda. Walipowapima uwezo wa kusoma hisia za mtu usoni, wale wa kambini waliongezeka kuliko wenzao. Siku tano tu! Na hawakufundishwa somo lolote la kusoma sura, walikaa tu uso kwa uso. Nikiangalia mabinti wa siku hizi wanavyoongea na rafiki aliyekaa kochi hilo hilo kwa kutumiana meseji, naona hapo pana kitu. Huwezi kuongoza watu usiojua kuwasoma.

Kwanini iwe wasichana hasa? Mwaka 2017 jarida la Science lilitoa utafiti wa Lin Bian na wenzake, watoto wa Marekani wa miaka mitano walipoambiwa habari za mtu mwenye akili sana sana na wachague ni nani, wasichana walichagua mwanamke kama wavulana walivyochagua mwanaume. Wakifika miaka sita, saba, wasichana wameshaanza kuacha kuchagua wa jinsia yao, na michezo ikiambiwa ni ya watoto wenye akili sana wanaikwepa. Miaka sita, mtoto bado anang'oka meno. Watetezi wa kambi za wasichana watupu wanasimamia hapo, wanasema mtoe kwenye mazingira ambayo mvulana ndo anakimbilia kushika nyundo, muweke mahali ambapo mtumbwi lazima ubebwe na hakuna wa kuubeba isipokuwa wao.

Wanaopinga nao hawako mikono mitupu. Kwenye shule, kutenganisha wasichana na wavulana kumechunguzwa mpaka basi, Diane Halpern na wenzake 2011 waliandika hapo hapo kwenye Science kwamba sayansi ya kutetea shule za jinsia moja ni dhaifu, na 2014 ukaja uchambuzi uliokusanya tafiti 184 za wanafunzi kama milioni 1.6 kutoka nchi 21, faida iliyoonekana ni ndogo au haipo kabisa ukiangalia tafiti zilizofanywa vizuri. Wanauliza, msichana aliyezoea kuongoza wasichana wenzake wiki mbili msituni, Septemba akirudi darasani kwenye wavulana kumi na tano wanaopiga kelele, kile kichwa juu kinabaki? Swali zuri. Jibu langu ni kwamba shule na kambi hazifanani kihivyo, shuleni mtihani ni ule ule na vitabu ni vile vile, kambini tofauti ipo kwenye mikono, nani anakata kuni, nani anafunga fundo la hema, nani anashika usukani wa boti ziwani upepo umechafuka. Aliyewahi kuwasha moto kwenye kuni mbichi hawezi kuaminishwa tena kwamba hawezi. Lakini nakiri hilo ni neno langu, namba za kulithibitisha sina.

Sasa twende kwenye ile voisi ya dakika nne, maana ndo inanichekesha. Wengi wanaopiga kelele "mtoto wa kike kulala nje" ni watu waliopita bweni! Tumepelekwa fomu wani na miaka 13, 14, tranka la bati limeandikwa jina kwa rangi, ndoo, jembe, fyekeo, fagio na rimu za karatasi kama joining, ile fomu ya maelekezo ya shule, ilivyosema, basi linakushusha usiku shule iko mkoa wa tatu kutoka kwenu, mama ameshageuka amerudi na hakuna simu, barua ndo mawasiliano na inasomwa na matroni kwanza. Hakuna aliyeitisha kikao cha ukoo kujadili usalama wa mtoto wa kike. Na ukimuuliza mama yeyote aliyesoma bweni nini kilimkomaza atakwambia ni huko huko, alijifunza kufua, kugawana sabuni, kuishi na watu wa makabila mengine, kujua nani rafiki na nani mnafiki. Kwa hiyo msingi wa jambo tunaukubali siku zote, kwamba mtoto akitoka mbali na mama kidogo anakua. Tunachogomea ni kulipia, na kuwaamini Wazungu.

Ila ulinganisho huo una pande mbili na hapa ndo pananivutia. Bweni letu lilitupa viranja. Uongozi tulioujua ni wa kiranja wa usafi, kiranja wa chakula, dada mkuu, kuandika majina ya wapiga kelele, kumpelekea mwalimu wa zamu, na mdogo akikosea anachota maji ya wakubwa. Wapo waliotoka pale viongozi kweli, mawaziri na majaji, sikatai, lakini wengi tulitoka tunajua kwamba kuongoza ni kuamrisha na kuadhibu, na kujificha usiandikwe. Kambi ya kawaida ya Marekani haina mtihani, haina namba ya nafasi darasani, na kaunsela, yani yule kijana anayekaa na watoto na kuwaangalia, mwenye miaka 18, hana fimbo wala daftari la majina. Ana watoto wanane mpaka kumi kwenye kebini, kijumba chao cha kulala, mmoja analia anamkumbuka mama, wawili wamenuniana, mmoja kakojoa kitandani na wenzake wasijue, na kesho asubuhi wote wanatakiwa wafike ziwani wamevaa maboya. Kuwafikisha pale bila kumtisha mtu, huo ni uongozi wa aina nyingine kabisa na sisi bweni halikutufundisha.

Na angalia tena umri. Kwetu Pwani mwari alikuwa na kungwi wake, mtu mzima, mwanamke aliyeolewa akazaa, anayefundisha mambo ya utu uzima. Kaunsela amemzidi binti yako miaka saba, nane, tena wale wanafunzi wa ukaunsela wamemzidi mitano. Mtoto wa miaka 10 akimuangalia mama yake haoni kwamba naye atafika pale, mbali sana, akimuangalia dada wa miaka 16 anayepanda ukuta wa kamba na kucheka akianguka, hapo anaona kabisa. Mimi naamini hicho ndo kinachofanya kazi kambini kuliko mishale na mitumbwi.

Lakini nani hasa anapata huo uongozi? Sio mtoto wa wiki moja. Kambi nyingi zina ngazi, unaanza mdogo, unarudi, ukifika 15 au 16 unaingia programu ya kujifunza ukaunsela, 17 unakuwa msaidizi, 18 ndo unakabidhiwa kebini. Anayepanda ngazi yote ndiye anayetoka na kitu, kasimamia watoto, kakosea, kasahihishwa, karudia. Sasa hesabu. Kambi za Girl Scouts, za YMCA na za makanisa unaweza kupata kwa mia kadhaa za dola kwa wiki, zile za zamani za Maine na New Hampshire za wiki saba zinapita dola 10,000, kwa mtoto mmoja, kiangazi kimoja. Na ile programu ya kujifunza ukaunsela, kambi nyingi mzazi ndiye anaelipa, mtoto anafanya kazi na wewe unalipia. Akishaajiriwa mshahara wenyewe ni mdogo, kwa sababu sheria ya kazi ya Marekani inaziachia biashara za msimu zisizozidi miezi saba kwa mwaka zisilipe kima cha chini cha shirikisho, na kambi nyingi zinaingia humo. Binti wa miaka 17 ambaye kwao rent haijatimia hawezi kwenda kulipwa senti kidogo aimbe nyimbo ziwani, ataenda kusimama kwenye kaunta ya McDonald's. Wa daktari ataenda kambini, na kwenye fomu ya chuo ataandika "niliongoza". Yule wa kaunta naye aliongoza, alishika shifti ya usiku na wateja walevi, ila hakuna mtu aliyempa cheti cha uongozi.

Na hili la nani anaruhusiwa msituni halijaanza na hela. Josephine Holloway, mwanamke mweusi wa Nashville, alihangaika miaka na miaka wasichana weusi watambuliwe na Girl Scouts wa pale mjini, alikataliwa, akaendelea nao hivyo hivyo bila kutambuliwa, kikundi chake kikakubaliwa rasmi 1942. Kambi za Girl Scouts wazungu zilikuwepo ila wasichana wake hawakuruhusiwa kulala huko, mpaka ikafunguliwa kambi yao 1955, Camp Holloway, imepewa jina lake. Nalitaja hili kwa sababu kuna wazazi wetu wanaogopa binti atakuwa mweusi peke yake kwenye kebini, wanaambiwa wana wasiwasi wa bure. Sio wa bure. Mtoto anayeshikwa nywele zake kila asubuhi kama maonyesho hatorudi anajiamini, atarudi amechoka. Ukipiga simu kambini uliza wazi wazi, wafanyakazi weusi mnao wangapi, ukisikia mtu anaanza kuzunguka zunguka umeshajibiwa.

Kuna kitu kingine hakisemwi kabisa kwenye hii mijadala na kinawahusu hasa mabinti zetu wa kwanza. Wale tayari ni viongozi, kupita kiasi. Binti wa miaka 12 anawachukua wadogo zake kituo cha basi, anawapashia chakula mama yuko shifti, anamtafsiria bibi kwa daktari, anajaza fomu za shule. Huyu ukimwambia nakupeleka kambini ukajifunze majukumu atakushangaa. Kwake faida ni kinyume chake, ni wiki moja ambayo mtu mwingine anapika, mtu mwingine anahesabu watoto, yeye aruke majini tu. Kujiamini kwa mtoto wa hivyo kunaweza kuja kwa kupumzishwa uongozi, sio kuongezewa, na mzazi anayemnyima kambi kwa sababu "nani atabaki na wadogo zake" ajiulize vizuri anamnyima nini.

Haya, usalama. Baada ya Julai 4, 2025 huwezi kuongelea kambi za wasichana ukaruka Camp Mystic. Kambi ya Kikristo ya wasichana kule Hunt, Texas, ipo tangu 1926, familia zinapokezana bibi, mama, mjukuu. Alfajiri ya siku hiyo Mto Guadalupe ulipanda kama mita nane kwa dakika 45 hivi, ukaingia kwenye kebini za wadogo zilizokuwa karibu na maji. Walikufa wasichana na makaunsela 27, wengi wao watoto wa miaka minane na tisa, na mkurugenzi mwenyewe alikufa akijaribu kuwatoa. Mkaguzi wa jimbo alikuwa amepita pale siku mbili tu kabla na karatasi zikaonekana ziko sawa. Na miaka ya nyuma, kuanzia 2013, baadhi ya majengo ya kambi yalikuwa yametolewa kwenye ramani ya serikali ya maeneo ya mafuriko baada ya kambi kukata rufaa. Hayo yameandikwa yote, sio maneno ya mtaani.

Watetezi wanasema, na ni kweli, kwamba usiku ule ule walioonekana ni wasichana wa miaka 18, 19 waliowatoa wadogo madirishani kwenye giza, makaunsela vijana kutoka Mexico waliandika majina ya watoto kwenye ngozi zao kwa kalamu ili lolote likitokea wajulikane. Ukitaka ushahidi kwamba kambi inazaa viongozi, ndo huo. Mimi nauona na unaniuma, lakini siwezi kuutumia hivyo. Msichana wa miaka 18 kulazimika kuamua usiku wa manane watoto wapite wapi, bila king'ora, bila mtu mzima wa kumuuliza, hiyo ni kazi ya watu wazima waliopewa hela na leseni ikamuangukia yeye. Kumkabidhi kijana jukumu kweli kweli ni sawa na ndo ninalolitetea hapa, lakini nyuma yake awepo mtu mzima anayejua mto unafika wapi. Texas Septemba mwaka huo huo wakapitisha sheria ya kukataza kebini kwenye maeneo ya mafuriko na kulazimisha mpango wa dharura, mafunzo na wazazi kuambiwa. Imekuja kwa bei hiyo.

Kwa hiyo dada wa voisi ya dakika nne hakukosea kuogopa, alikosea anachoogopa tu. Wasiwasi wake wote ulikuwa tabia za Wazungu, mto hakuutaja. Uliza kebini ziko juu au bondeni, usiku nani yuko macho, kaunsela ana namna gani ya kuwasiliana, hospitali iko dakika ngapi. Uliza pia kama kuna sheria kwamba mtu mzima haruhusiwi kubaki na mtoto peke yao, kambi inayojielewa itakujibu hapo hapo bila kukasirika.

La kukumbuka nyumbani nalipitia haraka. Ni kawaida, watoto wengi mno linawapata walau siku moja, na linapungua lenyewe. Madaktari wa watoto wa Marekani walitoa mwongozo 2007 wenye kitu kimoja ambacho wazazi tunakiharibu: usimuahidi mtoto kwamba "ukishindwa nitakuja kukuchukua". Unadhani unamtuliza, kumbe umemwambia kwamba hata wewe huamini ataweza, na siku ya kwanza akisikia bundi atakudai ahadi yako. Mzoeze kabla, alale kwa binamu wikiendi mbili tatu bila kukupigia. Ila kama mtoto hataki kabisa kwenda, muache, kambi ya kulazimishwa haijengi kitu.

Waislamu wenzangu, hili la swala, nguruwe, kuogelea na hijabu lina majibu kuliko tunavyodhani. Zipo kambi za vijana wa Kiislamu, na Minneapolis kuna vikundi vya Girl Scouts vya mabinti wa Kisomali wanaofanya kila kitu wakiwa na hijabu zao. Kambi za kawaida nazo nyingi ukiwaandikia mapema wanapanga, tatizo letu tunaenda kimya halafu tunalalamika mtoto kalishwa nini.

Basi kwa mzazi anayesita, ushauri wangu sio mpeleke wala usimpeleke. Kama lengo lako ni ujasiri, kambi ya bei rahisi ya wiki moja iliyo karibu inatosha, ile ya maelfu haina ujasiri wa ziada, ina mazingira mazuri zaidi na watoto wa matajiri. Kama unalipia uongozi, usiangalie picha za watoto wadogo kwenye tovuti, uliza wasichana wa miaka 15 na 16 pale wanafanya nini. Wanapanga ratiba? Wanaendesha kipindi chao wenyewe? Wakikosea nani anakaa nao chini? Kaunsela wangapi mwaka huu walikuwa watoto wa kambi hiyo hiyo? Kama jibu ni kwamba wakubwa wanapata kebini nzuri zaidi na disko la Ijumaa, hapo hamna uongozi, kuna likizo, na likizo sio dhambi ila ilipiwe bei ya likizo. Uliza pia ile programu ya kujifunza ukaunsela inalipiwa na nani, maana usimpandishe mtoto ngazi mpaka 14 halafu 15 umwambie hela imeisha, bora umtafutie tangu mwanzo kambi ambayo atamudu kuirudia, hata kama ziwa lake ni bwawa tu.

Na udhamini upo, Girl Scouts wanao, YMCA wanao, hata zile za bei kali nyingi zina nafasi za kulipiwa nusu au zote kwa wenye kipato kidogo, ila fedha hizo zinaisha mapema kuliko nafasi zenyewe. Fomu inataka karatasi za kodi za mwaka uliopita na wakati mwingine barua ya mwalimu, kwa hiyo anza Januari, ukisubiri mpaka shule zifungwe utakuta wamebakisha wiki moja ya mwezi wa nane, bei kamili.